Samaki Waliorudishwa

Gidamis alipiga magoti chini ya tuta la bwawa, upande usio na maji, akazamisha vidole kwenye udongo. Ulikuwa umelowa. Jana pia ulikuwa umelowa, na juzi, lakini maji yaliyochuruzika hapo jana yalikuwa safi, mtu angeweza kuyanywa. Leo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliyakinga kiganjani akasubiri yatulie. Yalipotulia, mchanga mwembamba ulibaki kwenye mistari ya kiganja chake.

Maji safi yakipenya kwenye tuta ni maji tu. Maji ya tope yakipenya, basi tuta lenyewe ndilo linalotoka, kidogo kidogo, kutokea ndani. Hilo hakulisoma popote. Tangu utotoni alichimba malambo ya ng'ombe pamoja na baba yake kwenye mbuga za Hanang, na alishaona malambo mawili yakipasuka. Yote mawili yalianza hivi hivi, kwa maji kubadilika rangi. Lambo la ng'ombe likipasuka, unapoteza maji ya msimu mmoja na kulaumiana na ndugu zako. Hili halikuwa lambo la ng'ombe. Kina chake kilikuwa cha watu wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake, na ukimwita mtu aliye ng'ambo ya pili hakusikii.

Akasimama, akageuka. Hatua mia nne chini yake, kwenye bonde ambalo zamani lilikuwa njia ya korongo, zilikaa nyumba kumi na moja za udongo. Ya tatu ilikuwa yake. Aliuona moshi wake, akamwona mkewe Udagwenga ameinama akikamua, mtoto mchanga mgongoni. Binti yao mkubwa, Monica, alikuwa ameshavaa sare ya shule na anatafuta kiatu kimoja. Gidamis alitaka kuwapigia kelele. Hakujua awaambie nini, akajifuta mkono kwenye shuka.

Bwawa lilikuwa la Mzee Sylvester, mstaafu mmoja aliyetoka mkoa mwingine, akapita huku upande wa Balangdalalu na kupapenda, kama alivyozoea kusema mwenyewe. Miaka minane nyuma mkutano wa kijiji uliitishwa, soda zikanywewa, na watu wakaambiwa kwamba mwekezaji atazuia korongo na mifugo ya kitongoji kizima itakunywa. Mikono ikanyooshwa. Waliopiga dole gumba kwenye karatasi wengi hawakujua kusoma, na mwenyekiti aliyejua kusoma hakuisoma kwa sauti. Bwawa lilipojaa, ukazungushwa waya, na ndani ya waya kikaingia pia kilima kilichokuwa juu yake, ambako watu walikuwa wakihamia kila mvua zinapozidi. Likasimikwa bango, HIFADHI BINAFSI. Swala na pundamilia waliachiwa mwanya wa kupita, wakanywa, wageni wakawapiga picha. Ng'ombe ambao babu zao walikunywa palepale wakawa wahalifu. Mvua ziliporudi, watu walibaki bondeni kwa kuwa hawakuwa na pengine.

Ndani ya bwawa walifugwa sato na kambare. Mlinzi wa kwanza alikuwa Tluway, Mwiraqw wa kule Haydom, akafungwa miezi sita kwa samaki wanne. Baada ya hapo Mzee Sylvester alimwagiza msimamizi wake, kijana wa mjini aitwaye Gerald, amtafutie Mbarabaig wa kimila kabisa, mtu asiyekula samaki. Gerald alicheka sana kwa ujanja wa bosi wake, kisha akamleta Gidamis. Kwa Gidamis na watu wake samaki hakuwa chakula. Alikuwa jamaa wa nyoka anayeishi majini, na harufu yake ilimfanya ageuze uso. Kwa miaka mitatu sasa alilinda kitu ambacho asingekila hata kwa njaa, na njaa alishaijua.

Kila bwawa la udongo huachiwa mchirizi pembeni wa kutolea maji yanayozidi, yasije yakapanda juu ya tuta na kulikata. Hili nalo lilikuwa na mchirizi wake wa saruji, mpana wa kutosha. Lakini mvua za mwaka wa kwanza sato walitoka na maji wakaenda zao, na Mzee Sylvester akaamuru mchirizi uwekewe wavu wa chuma wenye matundu yasiyopitisha hata vidole viwili. Wavu ukatiwa kufuli. Samaki wakabaki, na pamoja nao likabaki kila jani, kila bua la mahindi na kila tawi lililoletwa na korongo, vyote vikigandamana kwenye wavu. Kazi ya kuuzibua ilikuwa ya Gidamis, kwa mikono. Juu ya hayo, kenge walikuwa wamejichimbia mashimo kwenye tuta. Kuwafukuza ilikuwa marufuku kwa sababu wageni waliwafurahia.

Asubuhi hiyo Mzee Sylvester alifika mwenyewe na gari, Gerald akiwa kando yake. Jumamosi, yaani kesho kutwa, walitegemewa wageni kutoka Arusha, watu wa kampuni ya utalii, nao walitakiwa wakute bwawa limejaa hadi kwenye mdomo. Gidamis alivua kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wanyama wameshuka leo?"

"Wameshuka. Mzee, naomba nikuonyeshe kitu kule chini."

Mzee Sylvester alishuka nusu ya njia, akaangalia viatu vyake, akasimama. Gidamis alimwonyesha kwa fimbo lile doa lenye unyevu, pana kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa.

"Pamelowa," mzee akasema. "Bwawa lina maji, Gidamis. Ulitaka pawe pakavu?"

"Yana tope, mzee. Jana hayakuwa na tope. Tufungue wavu maji yashuke, halafu tushindilie udongo wa mfinyanzi hapa. Siku mbili tu."

"Samaki je?"

Gidamis alitazama kule mchirizini.

"Nimekuuliza. Samaki je?"

"Wengine watatoka, mzee."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"Sikusoma."

"Tuta hili lilipimwa na injinia, na yeye amesoma. Wewe nimekuweka hapa kwa sababu moja, huli samaki. Hiyo ndiyo kazi yako, kutokula samaki. Usijiongezee nyingine."

Gerald alicheka kidogo, akaonyesha adabu kwa kuziba mdomo. Walipokwisha kuondoka Gidamis alibaki amesimama na kofia mkononi. Aliwaza juu ya Tluway, aliyetoka gerezani amekonda na kukohoa. Kisha akawaza juu ya nyumba kumi na moja, na hofu hizo mbili zikaanza kugombana kifuani mwake. Hakuna hata moja iliyokubali kushindwa.

Mchana alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alimsikiliza akiwa anatazama mlangoni, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba maneno ya namna hiyo huitwa uchochezi, kwamba mwekezaji ana watu wake wilayani, na kwamba yeye mwenyekiti hakuyasikia. Hata maji ya kunywa hakumkaribisha. Gidamis aliondoka akiwa na uhakika wa jambo moja: mwenyekiti naye anaogopa, na nyumba ya mwenyekiti iko juu, mbali na bonde.

Jioni, kabla ya giza, alimweleza mkewe. Alikuwa amejizuia tangu asubuhi. Udagwenga aliendelea kufunga ndama, kisha akaacha.

"Kama ile ya Katesh?" akauliza.

Gidamis alichukua kamba ya ndama akaimalizia. Mlima Hanang uliposhusha tope na mawe juu ya watu wa Katesh, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kusaidia kuchimba. Alichokiona huko hakuwahi kukisimulia nyumbani, ila tangu siku hiyo ngurumo yoyote ya mbali ilimtoa jasho.

"Hapa maji ni machache kuliko kule," akasema. "Lakini sisi tuko karibu zaidi."

"Tuhamie wapi, baba Monica? Kilima kimefungwa. Kwa kaka yangu Yaeda Chini ni mwendo wa siku mbili, na ng'ombe anayezaa wiki hii siwezi kumtembeza. Wewe ndiye mlinzi. Kwani hawakusikii?"

"Hawanisikii."

Udagwenga alikaza nguo iliyombeba mtoto. Hakulia. Alisema tu kwamba kuanzia leo watoto watalala na nguo zao.

Mvua ilikuja Ijumaa, saa nane mchana, ikitokea upande wa Mbulu. Gidamis aliiona ikiwa bado mbali, ukuta wa kijivu uliofuta vilima kimoja baada ya kingine. Ilipofika haikuwa na manyunyu ya kutangulia. Ndani ya nusu saa korongo liliamka, likaleta mabua, nyasi, matawi ya migunga na mzoga wa mbuzi, na vyote hivyo vikaja kulala kwenye wavu. Gidamis aliingia mchirizini mpaka kiunoni, akaanza kung'oa. Alivyotupa fungu moja nje, mawili yalifika. Vidole vilichanika. Maji yaliyopaswa kutoka yalikuwa yakichujika tu kama maziwa kwenye kitambaa, na bwawa likawa linapanda mbele ya macho yake.

Alikuwa na fimbo yake aliyoichomeka ukingoni kupimia. Saa tisa maji yalikuwa mikono miwili chini ya mgongo wa tuta. Saa tisa na nusu yalibaki mkono mmoja. Alikimbia upande wa chini kuangalia lile doa. Halikuwa doa tena. Maji ya tope yalitoka kwa kusukumana, unene wa mkono wa mtoto, na karibu yake udongo ulikuwa umebonyea.

Alipanda juu, akaitoa simu kwenye mfuko wa nailoni, akampigia Gerald. Alijibiwa mara ya tatu. Nyuma ya sauti ya Gerald kulikuwa na redio na watu wakiongea.

"Bosi, nahitaji ufunguo sasa hivi. Tuta linakwenda."

"Gidamis, kesho tuna wageni."

"Tuta linakwenda, bosi. Kuna watu chini."

"Usiguse wavu. Nimpigie mzee kwanza, halafu nitakwambia. Umenielewa? Usiguse."

Alisubiri. Aliushika ule mfuko wa nailoni juu ya simu kama anayemfunika mgonjwa. Alipopiga tena, simu ya Gerald ilikuwa imezimwa, na maji yalikuwa kiganja kimoja kutoka mgongoni.

Gidamis alikuwa mwoga. Tuliseme hilo, kwa sababu baadaye watu walimfanya jambazi na wengine wakajaribu kumfanya shujaa. Alileta shoka lake, likamponyoka mara mbili kwa woga. Alijua kabisa anachokifanya na kitakachomfuata. Aligonga kufuli mapigo tisa. Kwa pigo la kumi likakatika. Wavu ulikuwa umebanwa na uzito wa takataka, ikabidi aukate kwenye bawaba, naye akaruka pembeni ulipofunguka, vinginevyo ungemchukua.

Maji yalitoka kwa ngurumo iliyomfanya aanguke kifudifudi ukingoni. Pamoja nayo walitoka samaki, wakubwa kwa wadogo, matumbo meupe yakigeukageuka, kama kundi lililofunguliwa zizi. Maji yalishuka kwa njia ya mchirizi, yakapita pembeni ya nyumba, yakafunika mashamba ya mahindi na kuacha kila ukuta umesimama. Udagwenga na wenzake walikuwa wameshatoka, wamesimama kwenye kichuguu na watoto, wakitazama. Kabla ya saa kumi na mbili maji yalikuwa yameshuka chini ya mdomo wa ndani wa lile tundu, nalo likaacha kutapika. Gidamis alilishindilia mfinyanzi na mawe mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha aliketi juu ya tuta akalia, peke yake, kwa woga uliokuwa unamtoka na mwingine uliokuwa unaingia.

Asubuhi jua liliwaka kama hapakutokea kitu. Samaki walikuwa wametapakaa kwenye mahindi yaliyolala, kwenye vidimbwi, kwenye miiba ya uzio. Wengine walikuwa bado wanapumua. Hakuna aliyewagusa. Watoto waliwachokoa kwa vijiti, wazee wakapita wameziba pua, na mbwa nao walinusa wakasita.

Hapo ndipo Gidamis alipofanya kosa, nalo ni kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote isipokuwa mfugaji. Kwa watu wake, ng'ombe wa mtu akipotea akaingia bomani kwako, humfichi. Unamrudisha mapema, kweupe, ukiwa na fimbo tu, na mwenye mali hukukaribisha maziwa. Mwizi ni yule anayesubiri kufuatwa. Akafikiri: mali ya mzee imetoka, basi mali ya mzee irudi, na akiiona imerudi mpaka samaki wa mwisho ataelewa kwamba hakuna aliyeitaka.

Aliwaomba wanawake. Walikataa kwanza, kwa haki kabisa. Mama mmoja alisema afadhali aokote nyoka. Lakini Udagwenga alivunja majani mapana, akajifunga mikono, akainama. Watano wakamfuata, wakijigeuza kutapika kila mara. Walijaza ndoo kumi na mbili. Monica aliachwa kwa bibi wa jirani, naye Gidamis akatangulia mbele, na kundi hilo likapanda mpaka kwenye geti la Mzee Sylvester saa mbili asubuhi, jua limeshatoka vizuri, kila mtu akiwaona.

Gerald alikuwa getini na simu. Aliwaamuru wasimame kwenye mstari na kuinua ndoo juu kidogo. Wanawake waliinua, wakidhani anahesabu. Alipiga picha nyingi, za mbele na za pembeni, na Udagwenga hata alisogeza majani yake pembeni ili samaki waonekane vizuri. Gari la polisi lilikuwa tayari ndani ya uzio.

Mzee Sylvester alitoka nyumbani, uso umemvimba kwa hasira. Wageni wa Arusha walikuwa njiani, na bwawa lilikuwa limebaki nusu, tope likionekana kingoni kote. Gidamis alimsalimia. Hakuitikiwa.

"Kaa utazame," mzee akasema, akinyoosha kidole. "Tuta lile pale. Limesimama au limelala?"

"Limesimama, mzee."

"Sasa hatari yako iko wapi?"

Gidamis alifungua mdomo. Alitaka kueleza kwamba limesimama kwa sababu wavu umekatwa, na akaona maneno hayo yanavyogeuka kuwa ushahidi kabla hayajamtoka.

Kituo cha polisi kilikuwa mlimani, nyumba ya matofali yenye paa la bati, mwendo wa saa moja kwa gari. Wanawake sita waliketishwa kwenye sakafu ya chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, hivyo Gidamis aliweza kuwaona miguu. Aliyemhoji alikuwa Koplo Alfredi, mtu wa mbali, mchangamfu, aliyeletwa huku na uhamisho. Ndoo zilipangwa ukutani. Koplo alikuwa ameshachagua sato wanne wazuri na kuwaweka pembeni kwenye beseni.

"Samaki waliotoka ni wengi kuliko wa kwenye ndoo," akasema. "Wengine mmewauza Haydom?"

"Afande, sisi hatuli samaki."

"Sikuuliza mnakula nini. Kwani kitu unachouza lazima ukile?"

"Nilifungua maji ili watu wasife."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi uliwaokoa na nini?"

Msimulizi wa kisa hiki angependa kusema kwamba koplo alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya sana. Alimpa Gidamis maji, akamfungua pingu mkono mmoja, na akamweleza mambo kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuchagua. Makosa ni mawili, kuharibu mali na kuiba. Gidamis akikubali yote mawili na kusema alikuwa peke yake, wanawake wataachiwa leo hii. Akikataa, wote saba watalala ndani mpaka Jumatatu wapelekwe mahakamani, na mkewe ana mtoto anayenyonya.

Gidamis aliuliza kuhusu wavu.

"Wavu gani?"

"Wa mchirizi."

Koplo alikumbuka, akafurahi kuweza kumjibu. Alipotoka kule asubuhi alimkuta fundi wa kuchomelea amefika kutoka Haydom na jenereta lake. Safari hii wanaweka nondo, zimekaribiana, na zinachomelewa moja kwa moja kwenye saruji. Hakutakuwa na kufuli wala bawaba. Mzee ameagiza wamalize leo, kwa sababu wageni wamekubali kuja Jumatano badala yake, na kwa mawingu haya bwawa litakuwa limejaa.

Gidamis aligeuza kichwa kwenye dirisha. Mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa Mbulu, meusi kuliko ya jana. Mfinyanzi aliousukumia kwenye lile tundu ulikuwa bado tope, haujashika. Na bati la kituo hiki, sakafu hii ya saruji, mlima huu, vyote vilikuwa juu.

"Afande," akasema, "wanawake wakae hapa."

"Nini?"

"Wakae ndani. Mpaka mvua ipite."

Koplo Alfredi aliweka kalamu chini. "Unaomba mkeo afungwe?"

Katika chumba cha pili miguu ilisogea. Udagwenga alikuwa amesikia. Aliinuka, akaja mpaka mlangoni na mtoto wake, na askari mwingine hakumzuia. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyepigwa kofi na ndugu. Alimuuliza mumewe kwa Kibarabaig kama amerukwa na akili. Gidamis alimjibu kwa lugha hiyohiyo, haraka, habari za fundi na nondo. Alimwona akielewa. Kisha akaona uso wake ukibadilika tena, na akajua anachokiwaza kabla hajakitamka.

"Monica yuko chini," Udagwenga akasema.

Koplo aliwataka waongee Kiswahili. Mmoja wao alipaswa kutoka akamchukue. Gidamis aliweka mkono wake wa kulia mezani, na koplo, akiamini kwamba busara imeshinda, akamsogezea kidau cha wino. Alama ya dole gumba ilitoka nzuri, nyeusi, mistari yote ikionekana. Koplo aliisifia.

Wanawake waliachiwa saa nane. Hakukuwa na gari la kuwarudisha, na kwa miguu, kwa njia za mkato, wangefika kwao saa kumi na mbili. Udagwenga alimuuliza mumewe akishamchukua Monica aende naye wapi. Alimwambia aende kilimani. Alimwambia apite kwenye mwanya wa pundamilia. Askari wa mlangoni aliyesikia alimkumbusha mama huyo kwamba kilima ni mali ya mtu na kwamba mlinzi mpya amewekwa tangu asubuhi, ana bunduki, na ana maelekezo. Udagwenga alijifunga mtoto vizuri mgongoni, akaanza kutembea, kisha akaanza kukimbia. Wenzake watano walimfuata bila kuuliza.

Tone la kwanza lilipiga bati walipokuwa hawajapotea machoni. Yalifuata mengine, mazito, yakachanganyika mpaka ukawa mlio mmoja, na koplo ikabidi apaze sauti.

"Tumalize. Hapa kuna sehemu ya mwisho, maelezo ya ziada. Una la kuongeza?"

"Ninalo, afande. Andika kwamba tundu liko upande wa chini, hatua thelathini kutoka mchirizini. Maji yanatoka na tope. Andika wazikate zile nondo. Andika kuna nyumba kumi na moja, na watu wake ni hamsini na wawili. Mpigie mzee simu, afande. Mpigie yeyote. Watoto wawe wa kwanza kutoka."

Koplo Alfredi alikuwa amekunja uso, akijitahidi kusikia. Aliinamia karatasi na kuandika, taratibu, kwa mwandiko mzuri wa shule: *Mtuhumiwa hana la kuongeza.* Kisha akainuka kufunga dirisha, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kulowesha majalada.